Saa Niliyoitoa kwa Ajili ya Tangi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka kiasi cha kuchanganya majina ya wajukuu wangu, haitanitoka. Nilikuwa nimesimama na tepu ya kupimia katika duka la ushonaji pale Emali, na mbele yangu mtu wa Mungu amenyoosha mkono wa kushoto nimpime koti. Nikasukuma mkono wa shati lake juu kidogo ili nifikie kifundo. Hapo nikaiona saa yangu.

Lakini kabla hujaondoka leo, ngoja nianze mbali kidogo, maana nikianza na hasira sitakumalizia vizuri.

Jumapili iliyopita ulipokuja hapa Zombe kutusalimia, nilikuona ukivua saa yako pale mlangoni pa kanisa na kuitumbukiza mfukoni. Nilikuuliza kwa nini, ukacheka, ukaniambia mimi bibi yako, "Susu, watu wa huku watasema najigamba. Kwanza simu inaonyesha saa." Nyimbo zilikuwa zimeanza, kwa hivyo nikaingia ndani, lakini ibada ile sikuisikia. Nilikaa na Biblia mapajani nikiwa na hasira ya zamani, wala haikuwa juu yako. Najua unavyozipenda saa zako. Nimekuona ukizifuta jioni kwa kile kitambaa chako laini, moja baada ya nyingine, kama mtu anayewaogesha watoto. Sasa kuna mtu amekufundisha kuzionea haya. Simjui huyo wako, lakini wa aina yake namjua, maana alinifundisha hata mimi nikiwa na umri kama huo ulio nao.

Nilienda Emali nikiwa msichana, kujifunza ushonaji kwa mama mmoja tuliyemwita Bi Zuhura. Wazazi wake walikuwa watu wa pwani waliopanda huku na biashara ya vitambaa, wakakaa. Yeye alizaliwa papo hapo Emali, akawa anaongea Kikamba kama sisi, ila Kiswahili chake kilibaki kile cha kwao, kilichonyooka. Duka lake lilitazama barabara ya Mombasa. Wateja wetu walikuwa madereva wa malori, makarani wa stesheni, walimu, na watu wa upande wa Loitokitok waliokuja sokoni na mbuzi wakarudi na suruali.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima. Fundi wa nguo, mwanangu, hushika mikono ya watu wengi kuliko daktari. Na kila mwanamume mwenye saa alikuwa akiniambia jambo lile lile: "Hapa kushoto uniachie nafasi." Bi Zuhura alinionyesha jinsi ya kuukata mkono wa kushoto uwe mpana kidogo kuliko wa kulia, ili saa ipite bila kukwama na kitambaa kisichakae. Wewe leo unanunua shati limeshonwa huko mbali, mikono yote sawasawa, halafu unashangaa kwa nini linatoboka pale. Sisi tulikuwa tunajua.

Basi kwa kupima hiyo mikono nikaanza kuzitazama saa zenyewe. Nilianza kujua mtu kwa saa yake kabla hajataja jina. Kulikuwa na mwalimu aliyevaa saa ya rangi ya dhahabu iliyomwachia alama ya kijani kwenye ngozi. Kulikuwa na karani aliyevaa saa iliyosimama kabisa, na akawa anaitazama mara kwa mara bila aibu. Na kulikuwa na dereva mmoja aliyekuwa akilala Mtito Andei, asubuhi anapita kwetu kunywa chai. Siku moja alinivulia yake akaniambia niiweke sikioni. Nilisikia ule mlio mdogo, wa haraka, usiochoka. Nikamrudishia saa yake, lakini siku nzima niliendelea kuusikia.

Fundi wa saa pale Emali alikuwa Bwana Musyimi. Meza yake ilikuwa kando ya duka la dawa za mifugo, na ndani ya kijisanduku cha kioo alikuwa na saa za kuuza, nyingi zimetoka kwa watu waliokwama. Katikati yao kulikuwa na moja ya Kijapani, ya chuma, uso mweusi, na kijidirisha kinachoonyesha siku na tarehe. Haikuwa na betri wala haikutaka kutiwa ufunguo. Unaivaa tu, na mwendo wa mkono wako ndio unaoijaza. Penye namba palikuwa na nukta nyeupe zinazong'aa gizani, ila ile ya pale kwenye nne ilikuwa imebanduka.

"Hiyo ni ya mwanamume," Bwana Musyimi aliniambia.

"Imeandikwa wapi?"

Alicheka. Tukakubaliana niwashonee watoto wake nguo za shule, na za Krismasi, na mapazia ya nyumba mpya, mpaka aseme basi. Nilishona jioni baada ya kazi ya Bi Zuhura, kwa cherehani yake mwenyewe, naye hakunikataza. Siku ambayo Bwana Musyimi alisema basi, alinikalisha mbele ya meza akaniambia mambo ambayo mpaka leo nayafuata. Aliniambia nisije nikaifungua mwenyewe kwa kisu. Aliniambia mafuta ya ndani hukauka polepole hata kama saa inaenda vizuri, kwa hivyo nisingoje isimame ndipo niilete. Aliniambia kuna mpira mwembamba chini ya kifuniko cha nyuma unaozuia maji, na mpira huo huzeeka kama mpira mwingine wowote, kwa hivyo mtu asinidanganye kwamba saa isiyoingia maji haitaingia maji milele. Mkanda wake ulikuwa umekatika. Nilishona mwingine kwa kipande cha turubai kilichobaki kwenye begi la mteja, nikapitisha uzi mara mbili.

Mwaitu, yaani mama yangu, alipoiona aliniambia, "Sasa umeolewa na chuma." Lakini alikuwa anatabasamu.

Niliipenda ile saa, mwanangu, na sitaki uwaze kwamba kulikuwa na jambo kubwa nyuma yake. Hakuna aliyeniachia urithi, wala haikuwa kumbukumbu ya mtu. Nilikipenda kitu kilichotengenezwa vizuri, nikakinunua kwa kazi ya mikono yangu, nikakitunza. Basi. Kwa nini mtu lazima ajieleze zaidi ya hapo?

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Kanisa letu la kule Emali, ambalo jina lake silitaji, lilikuwa na paa kubwa la mabati na halikuwa na tangi. Kila mvua kidogo ikinyesha maji yalimwagika chini yakapotea, na sisi tunaenda kuteka mbali, tunapanga foleni na ng'ombe. Pasta wetu aliitwa Nzioka. Alikuwa na sauti nzuri sana, hata leo siwezi kumnyima hiyo. Jumapili hiyo alihubiri juu ya kiburi, akasema kiburi cha siku hizi hakikai moyoni tena, kinaning'inia masikioni na kufungwa mikononi. Halafu akanitazama.

"Kuna dada yetu hapa amevaa saa ya mwanamume," akasema. "Anahesabu dakika za ibada."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, maana ungefanya nini? Lakini niliona uso unawaka, na nikaufunika mkono kwa leso. Pasta akaendelea, akasema vile vitu vya bure Mungu anaweza kuvigeuza vikawa maji, vikiuzwa vikaleta tangi. Mama Kioko, mjane aliyekuwa akiuza mboga pale sokoni, ndiye aliyeinuka kwanza. Alivua herini zake, za mwisho alizonunuliwa na marehemu mumewe, akaziweka kwenye kikapu. Mama mwingine akaahidi redio na kweli akaileta mchana ule ule. Mimi nilifungua mkanda wangu wa turubai nikaiweka saa juu ya herini.

Hakuna aliyenishurutisha, nataka ulielewe hilo. Niliitoa kwa sababu nilikunywa maji yale ya matope na wenzangu, na kwa sababu nilikuwa nimeaminishwa kwamba kile nilichokipenda kilikuwa dhambi. Jioni nilijikuta nalia, halafu nikatubu kwa kulia. Hebu fikiria ujinga huo niliotiwa, msichana anaomba msamaha kwa sababu amekumbuka saa yake.

Tangi halikuja. Ukiuliza, unaambiwa vitu viko Nairobi vinatafutiwa mnunuzi. Mvua za vuli zikanyesha, maji yakamwagika chini kama kawaida. Tukaacha kuuliza, maana kila aliyeuliza alionekana kama mtu anayemdai Mungu.

Sasa ndipo Pasta Nzioka akaja dukani kushonewa suti. Bi Zuhura alikuwa nyuma anapiga pasi. Nilimpima mabega, nikampima kifua, tukaongea habari za mkutano wa injili aliokuwa anajiandaa kwenda. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaniambia kwa utulivu kabisa:

"Hapa uache nafasi kidogo, isibane saa."

Nikausukuma mkono wa shati. Uso mweusi. Kijidirisha cha siku na tarehe. Pale kwenye nne, hakuna nukta. Mkanda wangu wa turubai ulikuwa umeondolewa, sasa kulikuwa na mnyororo wa chuma unaong'aa, lakini saa ilikuwa ile. Na ndani ya kioo kulikuwa na ukungu. Matone madogo madogo ya maji, yamejikusanya chini ya kioo kama kwenye dirisha la jikoni.

Mwanangu, naomba unielewe, kwa sababu watu wengi wakisikia hapa hunicheka. Kwamba alikuwa ameichukua, moyo wangu ulikuwa bado haujalimeza. Ule ukungu ndio niliouona kwanza, na ndio ulionipandisha hasira. Nilijua hapo hapo kwamba ndani chuma kinashika kutu.

"Saa nzuri, Pasta," nikasema. "Umeipata wapi?"

"Bwana huwatunza watumishi wake," akajibu.

"Imeingia maji?"

"Hii? Inachelewa tu kidogo. Nikiitikisa inaenda." Akainua mkono akaitikisa karibu na sikio lake, kwa nguvu, kama mtu anayetikisa kiberiti ajue kama kina njiti. Kisha akaushusha mkono, akanitazama usoni, akatabasamu. Jina langu alilijua, lakini siku ile hakuikumbuka. Alikuwa amenitaja mbele ya kanisa zima, watu wakanicheka, akachukua kitu changu akakivaa, na hakukumbuka kilikuwa cha nani. Nilimaliza kumpima, nikaandika vipimo, nikamwambia aje siku ya soko.

Alipoondoka nilichukua kitambaa chake nikaanza kukata. Mkono wa kulia nilikata sawa. Wa kushoto niliupunguza pale kwenye kifundo. Niliupunguza kiasi kwamba mkono ungeingia lakini saa isingepita hata kwa kusukumwa. Nilijiona nimepata dawa yake. Ningemwona akihangaika nayo mbele ya mkutano wake, na mimi nisingesema neno.

Bi Zuhura alikuja akasimama nyuma yangu. Alivitazama vile vipande viwili, akaviweka kimoja juu ya kingine.

"Huu umekosea," akasema.

"Sijakosea."

"Basi niambie."

Nikamwambia yote, kikapu, tangi, ukungu. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia aniunge mkono, maana hata yeye aliijua ile saa. Alikuwa ameniona nikiishonea kila jioni.

"Na ulimuuliza ameipata wapi," akasema.

"Ndiyo."

"Unamuuliza vipi mtu habari za kitu chako kama vile wewe ni mgeni wake? Umemshika mkono, saa iko chini ya vidole vyako, na neno lako ni hilo. Kisha unakuja kumalizia hasira zako kwenye kitambaa. Kitambaa kimekukosea nini?"

"Yeye ni pasta, Bi Zuhura."

"Ni pasta wenu, nami siingii katika mambo ya kanisa lenu. Lakini duka ni langu. Hapa hatoki mtu na nguo iliyoharibiwa makusudi, hata awe mwizi. Utakata mkono mwingine, na kitambaa utakitafuta wewe. Utamshonea suti itakayomkaa. Na kama una neno naye, utalitamka kwa kinywa chako, ukimtazama."

Nilikasirika naye sana. Nililia kwa hasira huku nikitafuta kitambaa cha kufanana na kile. Lakini nilikishona. Na nikuambie kweli, ile suti ilikuwa nguo bora kuliko zote nilizokuwa nimeshona hadi siku hiyo.

Siku ya soko Pasta alikuja na mkewe na mzee mmoja wa kanisa. Verandani kwetu walikuwa wamekaa wanawake kadhaa wa kanisa letu na mitungi yao, wanangoja kioski cha maji kifunguliwe, na Mama Kioko alikuwa kati yao. Pasta alivaa koti akajitazama kwenye kioo. Mkono wa kushoto ulishuka vizuri, ukapita juu ya saa bila kukwama.

"Kazi safi, dada Mueni," akasema. "Bwana akubariki."

"Amina. Suti ni yako, Pasta. Sasa naomba saa yangu."

"Saa gani?"

"Hiyo umevaa. Hapo kwenye nne nukta ilibanduka kabla sijainunua kwa Bwana Musyimi, na yeye yuko hapo ng'ambo, anaweza kuitwa. Niliiweka kwenye kikapu siku ile ya mahubiri ya tangi."

Nikaweka viganja vyote viwili juu ya meza ya kukatia. Mkewe aliitazama saa, kisha akamtazama mumewe. "Si uliniambia ulipewa na wageni?" akamuuliza kwa Kikamba, polepole. Yeye akanigeukia.

"Dada," akaniambia mimi, "ulimpa Mungu, hukunipa mimi. Kilichotolewa kanisani hakirudishwi."

"Nilimpa Mungu anunue tangi. Tangi liko wapi?"

"Mambo ya kanisa hayazungumziwi dukani."

"Lakini saa imekuja dukani," nikasema.

Mama Kioko alikuwa ameinuka. Alikuwa mama mpole, hata bei ya mboga zake alikuwa anaitaja kwa kunong'ona. "Na herini zangu, Pasta?" akauliza. "Bado ziko Nairobi?"

"Na redio?" mwingine akasema kutoka verandani. "Mpaka leo mume wangu anadhani iliibiwa."

Yule mzee wa kanisa akainua mikono. "Wamama, heshima tafadhali." Hakuna aliyemtazama. Bi Zuhura alikuwa kwenye cherehani yake muda huo wote, na aliyosema ni haya tu: "Koti linamkaa vizuri. Kazi yetu sisi imekwisha."

Pasta Nzioka aliivua saa. Aliiweka kwenye meza ya kukatia, kati ya makasi na chaki, akasema, "Kwa sababu ya kitu kidogo namna hii mnamvunjia heshima mtumishi wa Mungu." Akatoka na suti yake.

Kitu kidogo. Hapo ndipo hasira yangu haijapoa hadi leo, mwanangu. Saa ile ilipokuwa mkononi mwangu ilikuwa kubwa, kubwa kiasi cha kuwa dhambi, kubwa kiasi cha kuhubiriwa. Ilipohamia kwake ikawa baraka. Nilipoidai ikawa kitu kidogo. Saa ni ile ile, hata nukta haikuongezeka. Kilichobadilika ni mkono ulioivaa, na mwenye mkono ndiye aliyekuwa akitupangia majina.

Nilivuka barabara nikampelekea Bwana Musyimi. Alipofungua kifuniko cha nyuma, maji ya rangi ya chai yalichuruzika kwenye kitambaa. "Alikuwa anaoga nayo," akasema, akatikisa kichwa. Ilikaa kwake muda mrefu. Alisugua kutu, akabadilisha vilivyoliwa, akatia mafuta, akaweka mpira mpya. Kwenye uso wa saa, chini, palibaki doa kama la moshi. Alitaka kuupaka rangi upya, nikamkataza.

Ilipopona nikaamua kuiuza. Niliona si yangu tena. Niliitoa kwa ajili ya maji, basi ikalete maji. Nilimwendea Mama Kioko nikamwambia nimepata dereva anayeitaka, na fedha zitaanzisha tangi. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua macho.

"Herini zangu hazirudi, Mueni," akasema. "Redio hairudi. Ukiuza hiyo, atakuwa ametumalizia zote. Wacha moja ibaki."

Ikabaki.

Usidhani kanisa lilinishangilia. Wazee waliniita wakaniambia nimeaibisha madhabahu, wakaniondoa kwenye kwaya. Wenye kuniambia hivyo walikuwa wamekunywa maji ya matope kama mimi. Pasta alihamishwa akapelekwa kwingine, na nasikia huko nako alihubiri vizuri. Hakuna aliyemuuliza habari za herini. Tangi tulinunua sisi wanawake kwa chama chetu, baada ya misimu kadhaa, na tukaliweka nyumbani kwa Mama Kioko. Kanisani hatukulipeleka. Waliotukasirikia kwa hilo walikuja kuteka pia, na hatukuwazuia.

Sasa nisikilize. Kupenda saa si dhambi, wala si ujinga, wala si mambo ya watu wa mjini. Mtu akikuambia simu inatosha, mwambie sufuria moja pia inatosha, na bado kwake ana kadhaa. Vaa saa yako popote unapokwenda na miguu yako. Lakini uinunue kwa jasho lako, na uinunue ukiwa umeishika. Usinunue hizi zilizoandikwa jina kubwa la uongo, zinazouzwa kwenye simu na watu usiojua hata wanakaa wapi. Mwenye kuvaa jina la uongo ameanza kudanganya kabla hajafungua mdomo. Bora ya kawaida iliyo ya kweli. Nunua ile utakayoweza kuitunza, maana gharama ya saa haikomi siku unapoivaa. Ipeleke kwa fundi kabla haijalalamika, ukae umwone akiifungua, na vipande vya zamani akurudishie, kwa sababu siku hizi wapo wanaokutolea mashine nzima na kukuwekea takataka. Mikwaruzo yake iache. Ukioga, ivue, hata kama wameandika nini kwenye kifuniko.

Na lililo kubwa zaidi ni hili. Ukitaka kutoa, toa, hata kile unachokipenda kuliko vyote. Mimi ningekitoa tena leo kwa ajili ya maji. Lakini uulize kinakwenda wapi, na urudi kuuliza kama kimefika. Kuuliza si kukosa imani. Na mtu akianza kukuaibisha kwa kile ulicho nacho, mtazame vizuri ujue anataka ukiache au anataka akichukue. Ukidhulumiwa, usiharibu kazi ya mikono yako kwa kulipiza. Fanya kazi yako iwe safi, kisha simama useme, mchana, jina la kitu na jina la mtu, hata kama unaogopa. Na ukiona mwingine amesimama hivyo, usiwe yule anayeinua mikono na kuomba heshima. Inuka usimame karibu naye.

Mungu akupe kazi usiyoionea haya, mwanangu, na mikono yenye nguvu ya kuifanya. Akuepushe na watu wenye sauti tamu na mikono mirefu. Akupe mke mtakayeambiana kweli, na majirani watakaosema neno ukinyang'anywa. Ulichokipata kwa haki kikae nawe hadi mvi, na siku utakapokitoa, kimfikie uliyemkusudia. Nenda salama, na ukifika Kitui unipigie.